Vumbi la Risasi Lisiingie Nyumbani

Sanamu ndogo ya metali haikamiliki inapotoka katika kalibu. Fundi hukwangua mabaki ya kingo kwa kisu na tupa, huilainisha kwa msasa, kisha huunga viungo vyake kwa gundi. Kwa miaka mingi metali iliyopendwa ni risasi, kwa kuwa ni laini na huyeyuka kwa nyuzijoto 327 za Selsiasi. Kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kutengeneza askari wadogo wa risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, ikaacha kutumia risasi mwaka 1966.

Kando ya Ziwa Viktoria, kazi iliyo karibu na hiyo ni ya chubwi, yaani vizito vinavyozamisha nyavu na mishipi. Anayeyeyusha risasi chakavu ili atengeneze chubwi, awe Musoma mjini au katika vijiji vya Bunda vilivyo kando ya Ghuba ya Speke, hupitia hatua zilezile: kumimina, kukwangua, kusugua na kufunga.

Hatari kubwa haimo katika kukishika kitu kilichokamilika, bali katika moshi wa kuyeyusha na vumbi la kusugua. Vumbi hilo hukaa katika kucha, nguo na sakafu, na mtoto atambaaye hulipeleka kinywani. Watoto wadogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima. Kwa mjamzito, risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake huwapotosha wengi: upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, kufunga choo, kuumwa kichwa, mtoto kuchelewa kujifunza, hata degedege. Katika mkoa wenye malaria na minyoo, dalili hizo hupata maelezo mengine upesi. Kwa hiyo mhudumu wa Musoma, Bunda au Butiama amwonaye mtoto ambaye damu haiongezeki licha ya matibabu, na aulize: “Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?” Uthibitisho ni kipimo cha damu. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2021 unaagiza chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita. Dawa pekee haitoshi iwapo mgonjwa anarudi kwenye vumbi lilelile.

Fundi naye ana wajibu. Ayeyushe nje, mbali na jiko na watoto, wala asitumie sufuria ya chakula. Kalibu iwe kavu kabisa, kwa maana tone la maji hurusha risasi ya moto. Kitu kikishapoa, kisuguliwe kikiwa kimeloweshwa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo. Anawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa wanaoliwa wazima, hupunguza ufyonzaji wa risasi, lakini haichukui nafasi ya kuondoa chanzo. Mwenye shaka afike kituo cha afya na aitaje kazi yake bila kuulizwa.