Mbwa Hunusa Harufu, Hanusi Hatia

Riwaya ya upelelezi ni kitabu kinachopendwa sana na askari. Wala si ajabu, kwani kazi inayosimuliwa humo inafanana na kazi yake mwenyewe: kuna uhalifu, kuna fumbo, kuna mtu anayejificha, na kuna mwingine anayemtafuta bila ya kuchoka. Miongoni mwa riwaya hizo liko fungu lenye mvuto wa pekee, nalo ni lile ambamo mpelelezi wa kujitegemea hatembei peke yake bali hufuatana na mbwa. Leo twapenda kulitazama fungu hilo, kisha tulinganishe yaliyomo humo na yale yanayotakiwa na sheria hapa kwetu Mbarara na Isingiro. Tofauti iliyopo baina ya kitabu na uwanja wa kazi si ndogo, na yaweza kumpeleka gerezani mtu asiye na hatia.

Mwaka 2009 mwandishi wa Marekani, Peter Abrahams, akijiita Spencer Quinn, alitoa riwaya iitwayo Dog on It. Wahusika wake wakuu ni wawili: Bernie Little, mpelelezi wa kujitegemea, na mbwa wake aitwaye Chet. Kazi iliyo mbele yao ni kumtafuta msichana aliyetoweka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba msimulizi si Bernie, bali ni Chet mwenyewe. Mbwa huyo, ambaye hapo awali alishindwa kufuzu katika chuo cha mbwa wa polisi, ndiye anayetueleza anachokinusa, anachokipenda, anachokiogopa na anachokisahau. Mara nyingine Chet amekwisha kumjua mwovu, naye bwana wake angali gizani, kwa kuwa mbwa hana ulimi wa kumwambia. Msomaji hucheka, na papo hapo moyo humdunda, kwa sababu yeye amepewa siri ambayo mpelelezi hajapewa.

Hapo ndipo ulipo utamu wa kitabu, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Riwaya hutufungulia kichwa cha mbwa, tukachungulia ndani. Kazini, ndugu askari, kichwa hicho kimefungwa, na ufunguo wake hakuna aliye nao.

Waandishi wa zamani walilijua jambo hili. Mwingereza Arthur Conan Doyle, muumba wa mpelelezi mashuhuri Sherlock Holmes, alichapisha mwaka 1890 riwaya ya The Sign of Four. Humo Holmes anaazima mbwa chotara aitwaye Toby ili amfuate mtu aliyekanyaga kreosoti, yaani ile dawa yenye harufu kali inayopakwa mbao zisioze. Toby anavuka mitaa ya London, wapelelezi wakimwandama nyuma, mpaka anaruka juu ya pipa na kusimama kwa fahari. Pipa lenyewe limejaa kreosoti! Mbwa hakusema uongo. Ameambiwa afuate kreosoti, naye ameifuata. Njia mbili za harufu moja zilikuwa zimepishana, akashika isiyotakiwa. Holmes hampigi mbwa wala hamkamati mwenye pipa. Anamrudisha Toby pale alipositasita, wakaanza upya, na njia ya pili ikawafikisha ukingoni mwa mto, mahali ambapo mhalifu alikuwa amepanda chombo.

Katika hadithi nyingine ya mwandishi huyo huyo, Silver Blaze ya mwaka 1892, farasi wa mashindano anatolewa zizini usiku, na mbwa aliyekuwamo habweki. Holmes anatambua kwamba aliyeingia hakuwa mgeni kwa mbwa yule. Hapa pia mbwa hakutaja jina la mtu. Alichotoa ni tendo, au tuseme kutotenda. Maana ya tendo hilo ilitafutwa na akili ya binadamu.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko chake na rafiki yake Najum, mbwa hana. Silaha yake ni kuuliza, kutazama na kuunganisha. Hata hivyo somo ni lile lile: fumbo hufumbuliwa na anayefikiri.

Sasa tutoke vitabuni. Binadamu hupukutisha chembe ndogo ndogo za ngozi kila anapokwenda, na harufu yake hubaki katika udongo, majani na vitu alivyovishika. Pua ya mbwa ina vinasa harufu zaidi ya milioni mia moja, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Kwa hiyo mbwa aliyefunzwa huweza kufuata njia ambayo jicho letu halioni kitu. Lakini harufu ni kitu kinachokufa. Jua kali huikausha, upepo huipeperusha, mvua huiosha, na miguu ya watu wengi huichanganya na nyingine.

Thamani ya mnyama huyu katika ulinzi haina ubishi. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo kilianzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya kuwasaka majangili. Katika uwanja wa ndege wa Entebbe wamepata kuwekwa mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona ndani ya mizigo. Lakini yafaa tutambue kuwa kazi hizi mbili hazilingani mbele ya hakimu. Mbwa anaponusa sanduku na pembe ikatolewa, ushahidi ni pembe yenyewe. Mbwa amekwisha kumaliza kazi yake. Anaposimama mbele ya mlango wa mtu na ndani kusionekane kitu, kinachobaki ni neno la mwongozaji wa mbwa peke yake, nalo latoka kwa shahidi anayesema kwa niaba ya shahidi asiyeweza kuulizwa swali.

Mahakama za Afrika Mashariki zimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri lililochapwa katika ripoti za sheria za Afrika Mashariki, ilionya kwamba ushahidi wa mbwa wa kufuata harufu upokewe kwa hadhari kubwa, na kwamba mahakama haina budi ielezwe mafunzo ya mbwa huyo na kiasi anachoweza kutegemewa. Hapa kwetu, katika shauri la jinai namba 11 la mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Uganda iliyoketi Mbarara, mbele ya Jaji Duncan Gaswaga, ilieleza kwa urefu kanuni za kufuatwa. Ushahidi huo utazamwe kwa uangalifu mkubwa. Uzoefu na ujuzi wa mwongozaji uthibitishwe. Mafunzo, ustadi na sifa ya mbwa vielezwe na mtu anayemjua mbwa huyo. Namna ufuatiliaji ulivyokwenda ionyeshwe hatua kwa hatua. Mahali pa tukio pawe pamehifadhiwa, na njia ya harufu isiwe imechakaa.

Kisha ipo kanuni moja ambayo kila msomaji wa riwaya ya Chet angepaswa kuikariri: mwongozaji asijaribu kuingia ndani ya akili ya mnyama. Ana ruhusa ya kueleza mbwa alifanya nini, na kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu maana ya kitendo hicho. Hana ruhusa ya kusema kwamba mbwa alimjua mwuaji, au alikuwa na hakika. Kile anachokifanya mwandishi wa riwaya kwa ajili ya kutuburudisha, shahidi wa mahakamani amekatazwa.

Kwa nini tulisisitize jambo hili hapa Isingiro? Tuchukue mfano wa Nakivale, makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ambayo leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Tuseme duka limevunjwa usiku. Kulipokucha mwenye duka amepiga kelele, majirani wamejaa, kila mmoja ameshika kufuli na kuchungulia ndani. Saa nne jua limekwisha kuwa kali, ndipo mbwa anawasili. Ananusa, anapita katikati ya mashamba ya mahindi, anasimama kwenye mlango wa kijana fulani. Umati waguna: ndiye! Pengine ndiye kweli. Pengine pia kijana huyo alinunua sabuni dukani jana jioni, au alikuwa miongoni mwa wale walioshika kufuli asubuhi. Wahenga walinena: umdhaniaye ndiye, siye. Kijana mwenyewe ni mgeni, lugha ya kituoni haijui vyema, ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Asipolindwa na askari pale pale, umati waweza kumhukumu kabla jua halijatua. Na akiisha kuuawa, hakuna rufani.

Kwa hiyo wajibu wetu waanza kabla mbwa hajashuka garini. Askari anayefika kwanza, awe wa jeshi au wa polisi, azuie watu, na yeye mwenyewe asikanyage ovyo. Ikiwa ni wa jeshi, alinde mahali hapo hadi polisi wafike. Vitu vilivyoguswa na mhalifu visiguswe na mwingine. Iandikwe saa ya tukio, saa mbwa alipoanza kazi, hali ya hewa, na nani waliokwisha kupita. Mwongozaji aandike alichokiona kwa macho: mbwa alianzia wapi, alisita wapi, alirudi wapi, alisimama wapi. Kusita kusifichwe, kwani Toby naye alisita, na mahali pale pale ndipo ulipokuwa ukweli. Baada ya hapo upelelezi uendelee: nyayo, alama za vidole, mali iliyoibwa, mashahidi, na maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe katika lugha anayoielewa. Aliyesimamiwa na mbwa ahojiwe na alindwe. Asipigwe, wala asitangazwe kuwa mwizi.

Tusome riwaya, tena tusome kwa wingi, kwani zinanoa akili na kutufundisha subira. Bali tukumbuke kwamba mwandishi anajua mwisho wa kitabu kabla ya kuuandika, na mbwa wake hawezi kukosea pasipo idhini yake. Sisi hatuna upendeleo huo. Mbwa hutuonyesha njia. Kuithibitisha ni kazi yetu. Uvivu wetu hapo hulipwa na raia kwa miaka ya maisha yake, na mhalifu wa kweli hubaki nje akitafuta duka la pili.