Spea ndogo, kesi kubwa: kipande cha bunduki hakibebwi kama cha pikipiki

Spea ni mzigo wa kila siku katika mipaka yetu. Namanga, Busia, Malaba, Mutukula na Rusumo hupita springi za pikipiki, bomba za pampu ya maji na vyuma vya cherehani. Vingi ni vidogo, vimepakwa grisi na kuviringishwa kwenye karatasi, na si ajabu mfanyabiashara akaombwa ambebee mtu kimoja pembeni ya mzigo wake. Kuna springi moja ambayo ikikutwa kwenye begi lako, hati zako zote safi hazitakusaidia. Hiyo ni springi ya bunduki.

Kipande kama hicho hutafutwa kwa sababu gani? Jibu linaanzia Marekani. Huko, sheria ya shirikisho inamruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha kujiundia bunduki kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda, ingawa baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yanadai bunduki hiyo iwe na namba ya utambulisho. Wengi huunda zile za nusu otomatiki za aina ya AR-15. Mtutu hununuliwa huku, kitako kule, springi kwingine, kisha vyote huunganishwa nyumbani. Lalamiko moja la waundaji hao ni kwamba bunduki inasukuma bega kupita kiasi.

Kila bunduki husukuma nyuma, kwa kuwa nguvu inayopeleka risasi mbele ina mwenzake anayerudi kwa mpigaji. Bunduki ikiwa nyepesi, msukumo huhisiwa zaidi. Katika ile ya nusu otomatiki kuna jambo la ziada. Sehemu ya gesi ya baruti huchepushwa kutoka kwenye mtutu ili isukume nyuma chuma kinachotoa ganda tupu na kupakia risasi nyingine. Gesi ikizidi, au springi na uzito wa nyuma vikishindwa kukituliza chuma hicho, hugonga kwa kishindo na bega ndilo linalopokea. Kwa kuwa vipande vimetoka kwa watengenezaji tofauti, ni rahisi visilingane.

Bunduki iliyoanza ghafla kusukuma kuliko kawaida inaweza pia kuwa inatoa onyo: risasi si ya kipimo chake, au shinikizo limepita kiasi. Kuendelea kuifyatua ni kuhatarisha macho na mikono. Fundi wa silaha mwenye leseni ndiye anayepaswa kuikagua.

Dawa ya lalamiko hilo, mara nyingi, ni kubadilisha kipande: springi nyingine, uzito mwingine wa nyuma, kifaa cha mdomoni mwa mtutu. Kwa Mmarekani hiyo ni bidhaa ya dukani. Kikivuka bahari kuja kwetu, kipande hicho kinaingia chini ya sheria nyingine kabisa.

Tarehe 21 Aprili 2004, nchi 11 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki. Haikuishia kwenye bunduki nzima. Inagusa pia vipande na spea ambavyo silaha haifanyi kazi bila hivyo, na kuunganisha silaha bila kibali inakuhesabu kuwa utengenezaji haramu.

Sheria za nchi nazo zinafuata njia hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha inapotaja bunduki inahesabu pia kipande chake. Katika forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka silaha na risasi za Sura ya 93 miongoni mwa bidhaa zinazodhibitiwa, na sura hiyo ina kifungu kizima cha spea za silaha. Mzigo wa namna hiyo bila kibali hutaifishwa, na gari lililoubeba linaweza kuufuata.

Wafanyabiashara wadogo wasikie hili vizuri. Hati rahisi ya uasilia, ile ya bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, huondoa ushuru kwa mazao na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Haigeuki kibali cha silaha. Anayekuambia "kitu chenyewe ni cha dola 30 tu, nani atauliza" anakupotosha, kwani kosa hapa ni aina ya mzigo, wala si bei yake.

Nasi tuna bunduki zetu za kuundwa nyumbani: magobore. Baruti yake hushindiliwa kwa kukadiria na mtutu wake huenda ulikuwa bomba la maji. Gobore linaweza kumrusha mpigaji au kumpasukia usoni. Fundi wa vyuma anayeagiza bomba na springi bila kusema kazi yake anaweza kumwingiza muuzaji katika kesi ya silaha.

Ufanye nini, basi? Usipokee kifurushi usichokifungua na kukitambua. Andika kwenye ankara jina la spea na mashine inayotumia. Mwenye mzigo akishindwa kuitaja mashine hiyo, mrudishie mzigo wake. Ukigundua kipande cha silaha ukiwa tayari njiani, usikitupe wala usikipitishe kwa njia ya panya. Kiripoti kwa polisi au afisa wa forodha kabla ya kukaguliwa, na utaje aliyekupa. Mwenye bunduki halali anayehitaji matengenezo ana mlango wake: Kenya ni Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania ni Msajili wa Silaha. Begi lako halimo katika safari hiyo.