Mpiga solo, mjaribu Bach

Makanisa ya Kasulu na Kibondo hayakosi kwaya, na kwaya zenye vyombo hazikosi mpiga solo. Karibu kila mpiga solo anaujua ujanja huu: ukishaudonoa uzi, kidole cha mkono wa kushoto kikiugonga freti mbili mbele, noti ya pili inatoka yenyewe bila piki. Je, mkono wa kulia nao ukiacha piki ukaanza kugonga? Hapo gitaa linageuka kinanda.

Swali hilo si la jana. Jimmie Webster, Mmarekani, alitoa kitabu kuhusu mtindo huo mwaka 1952. Agosti 1969 Emmett Chapman, Mmarekani mwingine, alilisimamisha gitaa karibu wima ili mikono yote miwili ifike vizuri shingoni, na baadaye akaunda chombo chake mwenyewe. Eddie Van Halen aliutangaza mtindo huo duniani mwaka 1978, kwa kasi na kelele nyingi. Stanley Jordan akaja mwaka 1985 kwa utulivu zaidi, mkono mmoja ukiimba na mwingine ukisindikiza. Leo wako wanaoutumia kupiga muziki wa vinanda wa enzi ya Baroki, hasa wa Johann Sebastian Bach.

Kwa nini Bach? Wengi watajibu kwamba sauti zake zinajitegemea, kila mkono na wimbo wake. Ni kweli, lakini mimi naona sababu nzito zaidi imo ndani ya kinanda chenyewe. Zama za Bach kulikuwa na klavikodi, kinanda kidogo cha kuweka mezani. Ukibonyeza kitufe chake, kipande cha shaba kinapanda, kinaugonga uzi na kubaki kimeugusa. Kilipogusa ndipo urefu wa uzi unapokatwa, na noti inapatikana hapo. Upande wa pili wa uzi umezongwa kitambaa usivume. Sasa mtazame mpiga gitaa anayegonga: kidole chake ndicho kile kipande cha shaba, na wengi hufunga kitambaa au bendi ya nywele mwanzoni mwa shingo kwa sababu ileile.

Hata kwa udhaifu vyombo hivi viwili vinafanana. Katika klavikodi nyingi za zamani vitufe viwili au zaidi viligawana uzi, hivyo noti zake hazikuweza kulia pamoja. Kwenye gitaa pia uzi mmoja hautoi noti mbili kwa wakati mmoja. Klavikodi ilikuwa na sauti ndogo mno, haikufaa ukumbini. Gitaa la umeme likigongwa bila amplifaya hulisikii ila kwa shida. Forkel, aliyeandika maisha ya Bach mwaka 1802, anasema mzee huyo aliipenda klavikodi kuliko vinanda vingine. Wapo wataalamu wanaobisha, lakini anayedai kwamba kumgonga Bach gitaani ni mbwembwe tupu aitazame kwanza klavikodi.

Pa kuanzia ni ya kwanza katika Invensheni za Bach. Bach alinakili vipande hivyo 15 vya sauti mbili mwaka 1723 kwa ajili ya wanaojifunza. Mwanakwaya anayesoma solfa ataimba mwanzo wake hapo hapo: do re mi fa re mi do so. Gitaani, mkono wa kulia unagonga do kwenye uzi wa nne freti ya 10, re freti ya 12, kisha mi na fa kwenye uzi wa tatu, freti ya 9 na ya 10. Ukifika so, freti ya 12 ya uzi huohuo, unahamia uzi wa pili. Hapo mkono wa kushoto unaingia na maneno yaleyale oktavu moja chini: do na re kwenye uzi wa tano, freti ya 3 na ya 5, mi na fa kwenye uzi wa nne. Hakuna uzi unaogombewa. Mbele ya safari mambo hukaza, na noti za chini kabisa za kinanda hazimo gitaani, itabidi uzipandishe oktavu.

Sikio la huku si geni kwa sauti mbili zinazofukuzana. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, kijadi wanawake waliamkiana kwa akazehe: mmoja anaanza, mwenzake anadakia, sauti zinapishana kwa kasi mpaka huwezi kuzitenganisha. Kongo nako, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na gitaa moja likasikika kama mawili. Warundi walihifadhiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kibondo. Wakongo wako kambi ya Nyarugusu, Kasulu, tangu 1996. Wanamuziki wa kuulizana nao hawako mbali.

Kinachosumbua wanaoanza ni nguvu zisizolingana: kulia kunapiga kelele, kushoto kunanong'ona. Shusha nyuzi zikaribie freti, tumia nyembamba, na ufanye mazoezi ya mkono wa kushoto peke yake kwanza. Walimu wa kwaya, wageuzieni vijana wenu noti hizo ziwe solfa. Kazi za Bach hazina tena hakimiliki, na Invensheni ya kwanza ni kurasa mbili tu.