Fahamu: Mjusi wa mchangani na matuta ya pwani ya Uingereza

Ni mjusi gani huyu?
Jina lake la kisayansi ni Lacerta agilis. Dume hugeuka kijani ubavuni msimu wa kujamiiana. Ulaya bara bado wako wengi. Uingereza ni adimu, na sheria ya mwaka 1981 inamlinda.

Kwa nini mchanga?
Jike haatamii mayai. Huyafukia kwenye mchanga mtupu unaopigwa na jua, na joto hilo ndilo huyaangua. Vichaka au misonobari ikitanda juu ya matuta, kama yale ya Sefton karibu na Liverpool, mayai hukosa joto.

Wahifadhi hufanya nini?
Ajabu kidogo: hufyeka mimea ili mchanga ubaki wazi. Pia huzalisha mijusi vizimbani na kuwaachia porini, hata Wales walikokuwa wametoweka.