Kutoka Viti 76 hadi Vifurushi vya Usiku: Hesabu ya Rubani Anayetaka Kuhama

Mwishoni mwa mwaka 2023, uongozi wa kampuni ya mizigo ya FedEx uliwaambia marubani wake jambo ambalo miaka miwili kabla yake hakuna aliyelitarajia: anayetaka, aangalie nafasi za kazi PSA, shirika dogo la kikanda linalomilikiwa na American Airlines. Kwa miongo mingi safari ilikuwa ya upande mmoja. Kijana alianza kwenye ndege ya abiria 50 au 76, akavumilia mshahara mdogo huku akijaza saa zake za kuruka, kisha akapigania nafasi FedEx kule Memphis au UPS kule Louisville. Akiipata, ndugu na jamaa walijua amefika. Sasa kampuni kubwa ilikuwa na marubani wengi kuliko mizigo, na ile ndogo ilikuwa inatafuta makapteni kwa udi na uvumba.

Hii haina maana kwamba kuhamia ndege za mizigo ni kosa. Ina maana kwamba rubani wa shirika la kikanda Marekani, awe amezaliwa Ohio au amefika huko kutoka Mombasa na kupata haki ya kudumu ya kufanya kazi, anapaswa kukokotoa hesabu yake mwenyewe badala ya kurithi hesabu ya waliomtangulia. Na katika hesabu hiyo, malipo kwa saa, ambayo ndiyo kila mtu huyauliza kwanza, mimi ningeyaweka nafasi ya tatu. Nambari ya ukongwe ni ya kwanza. Usingizi ni wa pili.

Katika mashirika ya Marekani rubani hahami na cheo chake. Kapteni mwenye miaka 10 kwenye ndege ya Embraer 175 akiingia UPS leo anakuwa rubani msaidizi wa mwisho katika orodha ya ukongwe, nyuma ya kijana aliyeanza darasa wiki iliyotangulia. Orodha hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, kituo chako kitakuwa wapi, utafanya zamu zipi na lini utapandishwa kuwa kapteni. Kampuni ikipunguza watu, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. UPS iliwasimamisha kazi marubani zaidi ya 100 mwaka 2010, na hawakuchaguliwa kwa uhodari wala kwa saa walizoruka. Zilitazamwa tarehe zao za kuingia. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kuchelewa kuhama hauishii mwaka mmoja. Unakufuata hadi siku ya kustaafu, na sheria imeiweka siku hiyo kwenye umri wa miaka 65 kwa marubani wa mashirika yenye ratiba, ya abiria na ya mizigo pia.

Sasa pesa. Ili kuelewa kwa nini hesabu imebadilika, turudi Februari 2009, wakati ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Uchunguzi uliwafunulia Wamarekani maisha ya marubani wa mashirika haya: mishahara isiyotosha kodi ya nyumba, na watu wanaosafiri usiku kucha kwenda kituoni kisha wanaingia kazini. Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi naye akatakiwa awe na leseni ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500 za kuruka. Waliotoka jeshini na wahitimu wa vyuo vya urubani walipewa nafuu ya saa. Mlango ulipokuwa mwembamba, thamani ya waliokwisha kuupita ikapanda. Mwaka 2022 mashirika matatu ya American, yaani Envoy, Piedmont na PSA, yalipandisha malipo ya kuanzia ya rubani msaidizi hadi dola 90 kwa saa, na ya kapteni hadi dola 146.

Marubani hulipwa kwa saa za kuruka, na mikataba mingi ina kima cha chini kinachohakikishwa kila mwezi, karibu saa 75. Kwa kipimo hicho, rubani msaidizi wa dola 90 anapata 81,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na kapteni wa dola 146 anapata 131,400. Tuseme kapteni huyo anahamia kampuni ya mizigo inayomwanzisha kwa dola 100 kwa saa kwa kima kilekile. Atapata 90,000. Mwaka wa kwanza umemgharimu zaidi ya dola 41,000, nayo ni gharama halisi yenye ada za shule na mkopo wa nyumba ndani yake. Rubani msaidizi hapati pigo hilo. Yeye anahama na kuongeza. Ndiyo maana ushauri wa zamani wa kusubiri ukapteni kwanza, ambao ulikuwa na maana wakati kampuni za mizigo zilipodai saa nyingi za kuongoza ndege ya injini za jeti, leo haumfai kila mtu. Saa za ukapteni bado zinalipa uzito faili lako. Lakini kila mwezi unaozisubiri, wengine wanaingia orodhani mbele yako.

Pengo la mwaka wa kwanza huzibika. Katika kampuni kubwa za mizigo malipo hupanda kwa kishindo kuanzia mwaka wa pili, na makapteni wakongwe wa FedEx na UPS hulipwa zaidi ya dola 300 kwa saa. Kwa kima cha saa 75 hiyo ni zaidi ya 270,000 kwa mwaka, kiwango ambacho shirika la kikanda haliwezi kukifikia kwa sababu ndege zake ni ndogo. Kuna tofauti moja kati ya kampuni hizi mbili ambayo ninaona inapuuzwa. UPS humlipa kapteni kiwango kilekile awe anarusha 757 au 747, wakati FedEx hutenganisha malipo kwa ukubwa wa ndege. Kwa hiyo UPS mtu anaweza kuchagua ndege kwa kutazama ni ipi itamrudisha nyumbani mara nyingi. FedEx, uchaguzi huohuo unagusa mfuko.

Kisha kuna pensheni, na hapa ndipo mizigo inapojitetea vizuri kuliko popote. Mashirika makubwa ya abiria yalizika pensheni za zamani za marubani katika kufilisika kwa miaka ya 2000. United ilifanya hivyo 2005, Delta 2006. Marubani wao sasa wana akaunti za akiba zinazojazwa na mwajiri, Delta ikitoa asilimia 16 au zaidi ya mshahara. FedEx na UPS zilibaki na pensheni ya maisha. Ya FedEx hutoa asilimia 2 ya wastani wa miaka mitano ya mapato ya juu kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 25, na kilele chake kimekuwa dola 130,000 kwa mwaka. Ukiipima na umri wa miaka 65 utaona mara moja nani anafaidika. Anayeingia akiwa na miaka 40 anaweza kuchota yote. Anayeingia na 50 anabaki na miaka 15, yaani asilimia 30 badala ya 50. Wa miaka 50 akiambiwa na rafiki yake kwamba pensheni ya huko ni nzuri, aulize: nzuri kwa nani?

Nimeuita usingizi jambo la pili, na ninaomba msomaji asiupite haraka. Kazi ya vifurushi imejengwa juu ya usiku. Ndege zinakusanyika Memphis au Louisville baada ya giza kuingia, mizigo inashushwa na kuchambuliwa (kituo cha UPS kinachoitwa Worldport kinaweza kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja), na kabla ya alfajiri ndege zinatawanyika tena. Rubani anatua, anajinyoosha chumba cha mapumziko saa mbili au tatu, anaamshwa, anaruka tena, analala hotelini jua likiwa utosini. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Wako watu ambao miili yao inakubali ratiba hii kwa miaka 30. Wengine hawaiwezi hata miezi sita, na hakuna mshahara unaoitengeneza hali hiyo.

Sheria nayo haiwalindi kwa usawa. Kanuni mpya za mapumziko zilizoanza Januari 2014 zinawahusu marubani wa abiria: saa 10 za kupumzika kabla ya kazi, nafasi ya kulala saa 8, na zamu ya marubani wawili kati ya saa 9 na 14 kulingana na saa ya kuanza. Mizigo iliachwa nje. Huko sheria bado inaruhusu zamu ya saa 16, hata iwe ya usiku, ingawa mikataba ya vyama vya marubani inaweka mipaka yake yenyewe. Agosti 2013, miezi michache kabla kanuni hizo hazijaanza, ndege ya UPS aina ya A300 ilianguka Birmingham, Alabama, alfajiri, na marubani wawili wakafa; uchovu ulitajwa katika ripoti ya uchunguzi. Chama cha marubani wa UPS kilikwenda mahakamani kudai mizigo iingizwe na kikashindwa. Mimi ninaona kuiacha mizigo nje ni dhuluma. Mwili wa rubani haujui kama nyuma yake kuna watu au masanduku, na mji ulio chini ya njia ya ndege haujui pia. Louisville waliliona hilo Novemba 2025, wakati MD-11 ya UPS ilipoanguka ikipaa. Waliouawa walikuwa marubani watatu na watu wengine waliokuwa chini. Chanzo hapo hakikuwa uchovu, kwani injini ilichomoka kwenye bawa. Lakini MD-11 zote zilizuiwa kuruka, na rubani aliyefunzwa ndege hiyo tu akakumbuka kwamba aina ya ndege nayo ni kamari.

Mahali unapoishi panaweza kufuta faida yote. Anayekaa Memphis au Louisville anaendesha gari dakika chache na yuko kazini. Nyumba za huko ni nafuu ukilinganisha na New Jersey au California. Anayekaa Dallas na kufanya kazi Memphis anasafiri bure kwenye kiti cha ziada cha ndege za kampuni, lakini analipia kitanda katika nyumba ya kukodi pamoja na marubani wengine. Hata kikiwa dola 350 tu kwa mwezi, ni 4,200 kwa mwaka, na siku ya mapumziko inaliwa njiani kila upande. Ndiyo sababu baadhi hupendelea kampuni za mkataba kama Kalitta, zinazomkatia rubani tiketi kutoka uwanja ulio karibu na kwake. Anaondoka kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, kisha anarudi na kukaa muda mrefu bila kuitwa. Mwenye watoto wadogo afikirie wiki hizo mbili zikiangukia homa, mitihani na sikukuu.

Na mizigo hupanda na kushuka. Wakati wa korona ndege za abiria zilikaa chini na vifurushi vikafurika, kisha vikapungua. Mkataba mkubwa wa FedEx na posta ya Marekani uliisha Septemba 2024 na kazi ikaenda UPS. Miezi minne baadaye UPS nayo ikatangaza itapunguza mizigo ya Amazon kwa zaidi ya nusu kufikia katikati ya 2026. Marubani wa FedEx waliikataa rasimu ya mkataba mpya Julai 2023 kwa asilimia 57, mwaka uleule ambao Delta, American na United walisaini mikataba yenye nyongeza kubwa. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli sasa una pande tatu, kwa kuwa shirika kubwa la abiria linaweza kulipa sawa au zaidi, na rubani wa Envoy, Piedmont au PSA ana njia iliyoandikwa ya kupanda hadi American.

Mwenye miaka 30, rubani msaidizi, anayelala vizuri mchana na aliye tayari kuhamia Memphis au Louisville: ningemwambia aombe leo. Kapteni wa miaka 48 anayeishi mji wenye kituo chake, aliyekwisha kupata wikendi zake, ningemwambia abaki, au kama ni lazima aondoke, aombe shirika kubwa la abiria kwanza. Wa katikati apime umri wake dhidi ya pensheni, kisha aulizane na mwenzi wake kuhusu usiku.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, fungua mkataba wa bonasi uliyopokea ulipojiunga. Bonasi nyingi za mashirika ya kikanda hufungwa na miaka ya utumishi, na ukiondoka mapema unarudisha sehemu yake. Iandike fedha hiyo kwenye gharama za kuhama, hata kama tayari ilikwisha kwenye gari. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kiwe kipya: chini ya miaka 40 kinadumu miezi 12, na ukishatimiza 40 ni miezi 6. Ofa ya kazi haitoshi, kwa sababu waliopewa ofa wamewahi kusubiri darasa miezi na miezi huku soko likigeuka. Subiri tarehe ya darasa iliyoandikwa, kisha toa notisi.