Mantiki inavyonasa msimbo mfu ndani ya Linux

Simu ya Android, ruta ya intaneti na seva ya benki huweza kuendeshwa na kiini kimoja, Linux, lakini hakuna anayekitumia chote. Kila mtengenezaji huchagua: hiki awashe, kile azime. Vichaguo hivyo vimepita 10,000. Vichaguo 33 tu visivyotegemeana hutoa michanganyiko zaidi ya bilioni 8.5, kupita idadi ya watu duniani. Kuijaribu yote mmoja mmoja ni kazi isiyokwisha, hata ukiikabidhi kompyuta.

Njia iliyopatikana ni mantiki. Kila kichaguo hugeuzwa kauli iliyo ama kweli ama uongo, na masharti yakaunganishwa kwa “na”, “au”, “si” na “ikiwa”: ikiwa Wi-Fi imewashwa, basi mtandao nao uwashwe. Mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliyachora masharti ya namna hii katika umbo la mti. Mwaka 2005 Don Batory wa Chuo Kikuu cha Texas akaonyesha jinsi mti huo unavyogeuka fomula. Fomula, ikiongezewa sharti la kipande cha msimbo kinachochunguzwa, hupewa programu yenye swali moja: upo mchanganyiko hata mmoja unaoifanya iwe kweli? Kinadharia swali hilo ni gumu mno. Kwa mifumo halisi, jibu mara nyingi huja upesi, na hilo ndilo linalonivutia zaidi.

Jibu likiwa “haupo”, kipande hicho cha msimbo ni mfu: kimeandikwa, lakini hakitaingia katika toleo lolote. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, waliichunguza Linux 2.6.35 kwa zana yao, Undertaker, wakakuta kasoro 1,776. Mojawapo ilihusu msimbo wa kufanya kazi pale prosesa inapoondolewa kompyuta ikiwa imewaka. Kichaguo chake ni CONFIG_HOTPLUG_CPU. Mwandishi aliandika CONFIG_CPU_HOTPLUG. Maneno mawili yamepishana nafasi, basi. Jina lisilokuwepo huhesabiwa kuwa limezimwa, kwa hiyo kipande kiliachwa nje kila mara na hakuna onyo lililotokea. Msomaji makini angepita hapo asione kitu.

Watafiti hao walituma marekebisho 123 yaliyogusa kasoro 364, na wasimamizi wa Linux wakathibitisha kuwa 20 kati yake zilikuwa hitilafu mpya. Wahadhiri wa kompyuta, wapeni wanafunzi kazi hii ya kusaka msimbo mfu: msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote, na programu za kutatua fomula hizi zinapatikana bure.