Sheria ya umeme ilifungua soko 2014, mlinzi wa wateja akafika 2020

GOMA – Mtu wa Goma anayetafuta umeme hana tena mlango mmoja tu wa kubisha. Kuna SNEL, shirika la serikali. Kuna Virunga Énergies, ambayo kituo chake cha Matebe, katika wilaya ya Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015. Kuna pia Nuru, inayouza umeme wa jua.

Zamani haikuwa hivyo. SNEL iliundwa 1970, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu peke yake nchini. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ndiyo iliyomaliza ukiritimba huo. Tangu hapo kampuni binafsi zinaweza kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme, mradi ziwe na ruhusa.

Sheria hiyo ilikuwa deni. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2006 inahakikisha haki ya raia ya kupata umeme, na inasema sheria ndiyo itakayoonyesha namna ya kuitimiza. Raia walingoja miaka 8. Wakati huo wote, waya mkubwa unaotoka Inga kwenda Katanga, wenye urefu wa kilomita kama 1,700, uliendelea kupita juu ya vijiji vilivyo gizani.

Walioandika sheria waliona hatari moja: soko lisilo na mwamuzi huumiza mnunuzi. Kwa hiyo waliweka taasisi mbili. ARE inasimamia sekta: inafuatilia bei, inalinda masilahi ya wateja na kusuluhisha ugomvi. ANSER inashughulika na umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji.

Lakini amri za kuziunda zilitoka 2016, na viongozi wake waliteuliwa 2020 tu. Ndipo injinia Sandrine Mubenga alipokabidhiwa ARE. Kwa miaka 6, soko lilikuwa wazi na kiti cha mwamuzi kilikuwa kitupu. Huku mashariki, ndiyo miaka ambayo kampuni zilikuwa zikisimamisha nguzo na kuandikisha wateja.

Kwa mama anayeuza samaki wa friji, jambo hili si la wanasheria peke yao. Mjini kampuni ni nyingi, lakini katika barabara yake mara nyingi unapita waya mmoja. Bei ikipanda, hawezi kuhamia kwa mwingine. Umeme ukikatika siku mbili, samaki wanaoza na hasara ni yake.

Ndiyo sababu ARE haitoshi kuwa na ofisi Kinshasa. Mteja wa Goma, Bukavu au Butembo anapaswa kujua malalamiko yake anayapeleka wapi, na atajibiwa baada ya siku ngapi. Kwa sasa, atunze mkataba wake na risiti zote za malipo. Siku ya kudai haki yake, ataulizwa hizo kwanza.